Kuhama Duka Bila Kugombana: Mwongozo Kamili kwa Wanandoa wa Mwanza Wanaotaka Kupunguza Gharama za Chakula

Mmoja anasema supamaketi inatumaliza, twende Soko Kuu. Mwenzake anajibu kwamba sokoni kuna kupunjwa, kuna msongamano, na nauli ya kwenda na kurudi itameza hicho kilichookolewa. Mwezi unaisha, mwingine unaanza, maneno ni yale yale na kapu ni lile lile. Mabishano haya nimeyasikia Nyegezi, nimeyasikia Pasiansi, na karibu kila mara nimeona wote wawili wana haki. Anayetaka sokoni anafikiria mchele, maharage na dagaa. Anayetaka kubaki anafikiria maziwa ya mtoto, siagi na nepi. Kila mmoja ana kapu lake kichwani, ndiyo maana hawafiki popote.

Kwa hiyo ushauri wangu wote umesimama hapa: msihame duka, hamisheni bidhaa. Moja moja, kwa hesabu, na yule anayefanya kazi ya kununua ndiye aamue mwendo. Zifuatazo ni hatua zenyewe.

Hatua ya 1: Semeni kinachowauma kabla ya kutaja bei

Kaeni siku ambayo hakuna aliyetoka kununua kitu. Mkianza mazungumzo mfuko ukiwa bado mezani, aliyenunua ataona anashtakiwa. Anza na hofu yako mwenyewe, usianze na manunuzi ya mwenzio. Mke anaweza kusema: "Baba Kulwa, sikatai tupunguze. Ninachoogopa ni kupanda na ule mzigo kutoka barabarani mpaka nyumbani kila Jumamosi." Mume naye: "Mama Kulwa, sina shaka na matumizi yako. Ada ya Januari ndiyo inaninyima usingizi, natafuta pa kubana." Hapo mtu anasikiliza.

Mara nyingi kitakachotoka kwanza ni uchovu. Mwanza ni mji wa mawe. Ukikaa Mabatini, Igogo au Isamilo juu, bajaji inaishia chini na kilichobaki ni ngazi za mawe na njia za kupishana kwa ubavu. Anayesema "tununue gunia" mara nyingi siye atakayelipandisha. Kama ni wewe unayetaka gunia, sema papo hapo nani atalibeba na kwa hela ipi.

Halafu kuna suala la risiti, na hili wanaume wengi hawalioni. Supamaketi mtu anatoka na karatasi yenye kila kitu na bei yake. Mama wa nyanya sokoni hana karatasi hiyo. Kwa mke ambaye jioni ataulizwa "elfu hamsini imekwendaje?", ile risiti ndiyo shahidi wake, na ukimhamishia sokoni umemnyang'anya shahidi. Kabla ya kumwomba ahame, mwahidi kwamba alichoandika kwenye daftari kitaaminiwa, na tofauti ya elfu moja au mbili haitaulizwa. Kama huwezi kuahidi hivyo, mwache aendelee na supamaketi. Amani ya nyumba ina thamani kuliko tofauti ya bei ya sukari.

Jambo zito zaidi ni chenji. Tuseme wazi: katika nyumba nyingi, hisa ya kikoba ya mke, mchango wa msiba wa jirani, daftari la mtoto lililoisha katikati ya wiki, na hata nauli ya kwenda kumwona mama yake vinatoka ndani ya hela ya matumizi. Anaachiwa elfu kumi, anatumia nane na nusu, anaweka pembeni elfu moja na mia tano. Hiyo ni akiba ya akili yake mwenyewe, aliyoipata kwa kutembea genge moja baada ya jingine na kuomba kupunguziwa. Sasa mume anakuja na wazo la kununua kila kitu kwa jumla mwisho wa mwezi, yeye mwenyewe, kwa gari la rafiki. Kwenye makaratasi nyumba imeokoa. Lakini mke ameachwa bila shilingi mkononi, na kila kitu kidogo sasa lazima akiombe. Atapinga, na kwa kuwa hawezi kuisema sababu yenyewe, atasema mchele wa jumla una mawe.

Dawa yake ni kuitoa hela hiyo mafichoni. Kabla ya kugawa bajeti ya chakula, tengeni hela ya mke ya mwezi, yake, isiyo na maswali, pamoja na hisa za kikoba. Ndipo muanze kupanga chakula. Nyumba zilizofanya hivi naona mabishano ya duka huyeyuka nusu yake hapo hapo.

Kuhusu "watu watatuonaje tukionekana tumebeba viroba" sitakaa sana. Ni hofu ya kweli kwa wengine, na inapungua kila ada ikilipwa kwa wakati.

Hatua ya 2: Andikeni mwezi mmoja bila kubadilisha chochote

Chukueni daftari la kawaida, liwe jikoni, na kalamu ifungwe kwa kamba ili isipotee. Andikeni tarehe, kitu, kipimo, bei na mahali. Kipimo ndicho watu husahau. "Mafuta 3,000" haisaidii kitu. "Mafuta nusu lita 3,000, kwa Mangi" inasaidia.

Na muandike kila kitu, hata cha mia tano, hasa kile anachotumwa mtoto. Nawaomba msiruke hapa, kwa sababu daftari huwa linawashangaza wote wawili: hela nyingi inapotelea duka la jirani, na wala si supamaketi wala sokoni. Sukari robo leo, robo keshokutwa. Mafuta ya kupima kila jioni. Sabuni ya unga ya paketi ndogo. Mkaa wa kopo. Kila ununuzi unaonekana mwepesi, lakini ukiufikisha kwenye kilo au lita nzima, mara nyingi ndio ghali kuliko kote. Simlaumu mwenye duka. Naye ananunua kwa jumla, anapima, anakopesha, anafungua mpaka usiku. Ila mkigombania supamaketi huku tundu lenyewe liko hatua ishirini kutoka mlangoni, mnapoteza muda.

Hatua ya 3: Kila bei igeuzeni iwe ya kilo au lita

Bila hatua hii hamtalinganisha chochote. Supamaketi inauza kwa mfuko, soko linauza kwa sado, debe, fungu na kilo, Mwaloni wanauza kwa ndoo na gunia. Gawanya bei kwa uzito, kwa kikokotoo cha simu, na uandike jibu pembeni.

Mambo machache ya kuangalia mnapogeuza:

Mfuko si lazima uwe kilo. Soma maandishi madogo. Pakiti ya gramu 900 iliyokaa pembeni ya ile ya kilo moja inaonekana sawa machoni.

Mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji. Lita moja ina kama gramu 920. Kwa hiyo muuzaji anayepima kwa kilo na yule anayepima kwa lita hawauzi kiasi kimoja. Chukua mfano: huyu anauza kilo kwa 5,800, yule lita kwa 5,500. Zidisha 5,800 kwa 0.92, unapata kama 5,340 kwa lita. Anayeonekana ghali ndiye nafuu.

Debe ni ujazo, si uzito. Kwa mahindi watu huhesabu debe sita kwa gunia la kilo 100, yaani debe moja karibu kilo 17, lakini mahindi yenye unyevu na makavu hayalingani. Sado vivyo hivyo: kuna iliyobonyezwa chini, kuna inayojazwa kwa kilima na nyingine kwa kupanguswa. Nunueni mzani mdogo wa kuning'iniza wenye ndoano, bei yake ni ndogo, na mpime nyumbani mara ya kwanza mnaponunua kwa mtu mpya. Sokoni, mzani halali huwa umekaguliwa na Wakala wa Vipimo na una alama yake; una haki ya kuuangalia. Lumbesa, lile gunia lenye kichwa kilichoshonewa juu, msilione kama bahati. Vipimo vya namna hiyo vimekatazwa, aliyeumia ni mkulima, na wewe mnunuzi huwezi kujua kilo ulizolipia mpaka ulipandishe mzanini.

Hatua ya 4: Gawanyeni kapu, kila bidhaa ipelekwe kwake

Hapa ndipo mwenye daftari anapata raha. Bidhaa ziko za namna mbili: zinazokaa, na zisizokaa. Zinazokaa ndizo za kuhamisha kwanza, kwa sababu ukikosea hazikuozei mkononi.

Mchele ni mahali pazuri pa kuanzia. Kanda yetu inaulima: Magu, Sengerema, Misungwi, na unaoshuka kutoka Shinyanga na Kahama. Ukishavunwa katikati ya mwaka bei hulegea, kisha hupanda kuelekea mwishoni mwa mwaka na miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Nunua sado moja kwanza, upike, ndipo urudi kuchukua gunia. Mchele mpya unanyonya maji kidogo na unashikana. Uliokaa unavimba zaidi, na sufuria ile ile inalisha watu wengi zaidi. Chenga nazo msizidharau kwa vitumbua na uji. Ukishika mchele, ingiza mkono mpaka katikati ya gunia, usichote wa juu tu. Wa juu umepangwa ukuangalie.

Unga una njia mbili: kiroba cha dukani, au kununua mahindi na kupeleka mashineni. Mashine inalipa kama mnakula dona, kwa sababu karibu kila ulichopeleka kinarudi. Sembe inakobolewa, mnabaki na unga pungufu na pumba; ikiwa mnafuga kuku, pumba ni hela, kama hamfugi, hesabuni upya. Na kama mashine iko mbali na aliyepewa kazi ni dada wa nyumbani mwenye mtoto mgongoni, chukueni kiroba.

Maharage yana gharama isiyoandikwa kwenye bei. Ya zamani yanachemka saa nyingi na yanakula mkaa. Unaokoa mia tatu kwa kilo, unachoma mkaa wa elfu. Mwulize muuzaji ya msimu gani, ung'ate moja: lililokaa sana huwa gumu kama kokoto na ngozi yake imefifia. Hata jipya lilowekeni usiku kucha.

Sasa dagaa, maana hapa ndipo mkazi wa Mwanza ana nafasi ambayo mtu wa Dodoma hana. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazivuti, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa. Kwa hiyo bei inafuata mwezi wa angani. Giza likiingia, siku chache baadaye mzigo unashuka na bei inalegea. Mbalamwezi ikiwaka, inapanda. Anayenunua dagaa wa mwezi mzima kipindi cha giza, wakiwa wamekauka vizuri, anaokoa bila kuhama duka lolote. Msimu wa mvua ni hadithi nyingine: jua likikosekana dagaa hawakauki, wengine huanza kunuka kabla ya kufika gengeni, na wale wazuri wanapanda bei.

Soko la Mwaloni pale Kirumba ndiko kwenye mzigo mkubwa. Si genge. Malori ya kwenda mikoa mingine na hata Kongo hupakia pale, na muuzaji anapenda mtu wa magunia. Ndoo unapata, lakini nenda asubuhi, na nenda na jirani ili mgawane. Jambo la kufanya kabla ya kutoa hela ni hili: chota kiganja kimoja kutoka katikati, siyo juu, weka kwenye gazeti, inua pembe mbili za gazeti utikise taratibu, halafu wasogeze dagaa upande. Angalia kilichobaki. Wale walioanikwa kwenye chanja wataacha magamba na vumbi kidogo tu. Walioanikwa chini wataacha mstari wa mchanga unaoonekana wazi, na mchanga huo umepimwa, umelipiwa, na utakuja kuusikia kwenye meno ya watoto. Kama mchanga ni mwingi, bei ya chini si ya chini tena. Vunja dagaa mmoja pia: mkavu anakatika kwa sauti, mwenye unyevu anapinda.

Samaki mbichi ninawashauri msimweke kwenye mpango wa kununua kwa wingi isipokuwa friji ni ya kuaminika. Umeme ukikatika siku mbili, sangara wa wiki nzima anakuwa wa paka. Nunueni asubuhi, tazama macho yawe angavu, mashavu mekundu, na nyama irudi ukibonyeza kwa kidole. Sangara mzima mkubwa, mkimnunua nyumba tatu na kumgawana siku hiyo hiyo, ni nafuu kuliko vipande. Ila wale wadogo wa bei ya kutupa waacheni: sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa, na tukiendelea kuwanunua tunajinunulia ziwa tupu.

Mboga, nyanya, vitunguu, ndizi za Kagera, machungwa ya Ukerewe: soko, bila mjadala mrefu. Soko la jirani linatosha, iwe Buhongwa, Igoma, Kirumba au Mkolani. Kwenda mjini kwa ajili ya mchicha ni hasara. Nyama, bei za bucha hazitofautiani sana. Tofauti ni mzani na mifupa.

Na supamaketi ibaki na vyake. Maziwa ya mtoto, siagi, vyakula vya kopo, vitu vinavyohitaji kukaa kwenye baridi tangu kiwandani, tarehe ya kuisha inayosomeka, kitu unachoweza kukirudisha ukiwa na risiti. Bei imebandikwa, hakuna anayekupandishia kwa kuangalia viatu vyako. Kwa mtu mwenye saa moja tu kati ya kazi na kulala, hiyo ni huduma, na kuilipia si ufujaji. Tahadhari yangu ni moja: ingia na orodha, na usiende na njaa wala na watoto.

Hatua ya 5: Toeni nauli, mbebaji na muda

Hizi ni namba za mfano, wekeni zenu. Supamaketi mchele ni 3,000 kwa kilo, sokoni ni 2,500. Tofauti ni mia tano.

Mkinunua kilo 5, mnaokoa 2,500. Daladala kwenda na kurudi tuseme 1,400. Imebaki 1,100 na nusu siku ya mtu. Hapo anayekataa kwenda ana haki kabisa.

Mkinunua kilo 25, mnaokoa 12,500. Daladala ya kwenda 700, bodaboda ya kurudi na mzigo 5,000, wa kupandisha ngazi 1,000. Imebaki 5,800.

Mkinunua kilo 50, mnaokoa 25,000. Daladala 700, bajaji 8,000, wa kupandisha 2,000. Imebaki 14,300.

Umeona kinachotokea. Safari ni ile ile, mzigo ndio unaolipa safari. Kwa hiyo msiende soko la mbali kwa kitu kimoja kidogo. Kusanyeni vinavyokaa, mwende mara moja kwa mwezi. Kama mna ofisi au biashara mjini, nauli tayari imelipwa na kazi, hesabu inabadilika. Na kama hamna hela ya kilo 50 kwa mkupuo, ungeni na jirani mmoja mnayeaminiana: gunia moja, bajaji moja, mzani mnashika pamoja.

Muda pia uandikwe. Mshona nguo anayefunga cherehani kwa muda wa saa nne ili aende sokoni amepoteza kazi ya saa nne. Kazi ya nyumbani isionekane haina bei kwa sababu hailipwi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali tangu mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kutafuta bei nzuri ni sehemu ya kazi hizo.

Hatua ya 6: Jaribuni bidhaa tatu kwa mwezi mmoja

Tatu tu. Napendekeza mchele, mafuta na sabuni, au mchele, maharage na dagaa. Vingine vyote vibaki vinaponunuliwa sasa. Anayetaka kuhama ndiye aende safari ya kwanza, yeye mwenyewe, kwa miguu yake. Siyo adhabu. Atajua foleni, atajua jua, atajua bei ya mbebaji, na akirudi maneno yake yatakuwa na uzito.

Kila mmoja awe na kura moja ya kukataa. Mke akisema "hili la nyama hapana, bucha langu nalijua", mjadala wa nyama umefungwa kwa mwezi huo bila maelezo. Mume akisema hawezi kubadilisha majani yake ya chai, sawa, chai ibaki. Kura hizi ni za bei ndogo na zinazuia mtu kujiona amepinduliwa nyumbani kwake.

Mwezi ukiisha, fungueni daftari pamoja. Bidhaa iliyookoa na haikumsumbua mtu, ihame moja kwa moja. Iliyookoa lakini imemchosha mtu, tafuteni namna ya kumpunguzia: mbebaji, mtu wa kuleta, safari moja kwa miezi miwili. Ambayo haikuokoa irudi ilikotoka, na asiwepo wa kusema "nilikwambia".

Hatua ya 7: Tengenezeni stoo kabla gunia halijafika

Akiba nyingi za jumla hufia stoo. Gunia likikaa sakafuni linavuta unyevu. Weka mbao au matofali chini, acha nafasi na ukuta. Mchele na maharage ya miezi mingi yatieni kwenye ndoo zenye mfuniko unaobana. Mahindi ya muda mrefu yawekeni kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa, wengi huiita kinga njaa: dumuzi wanakosa hewa, huhitaji dawa.

Lakini mahindi yawe makavu kweli, maana unyevu unaleta kuvu na kuvu inaleta sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupika. Kipimo cha nyumbani kipo. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi mpaka robo yake, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja au mbili, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Ikibaki imeshuka chini, unaweza kuhifadhi. Karanga na mahindi yenye kuvu au rangi iliyogeuka msiyale, na kuku msiwape.

Kingine cha kuchunga ni mkono. Gunia likiwa limejaa, kila mtu anapima kwa ukarimu. Wekeni kopo moja ndani ya ndoo na mkubaliane: makopo mangapi mchana, mangapi usiku, wageni wakija mnaongeza. Bila kopo, gunia la miezi miwili linaisha kwa wiki tano na mwenye kupinga anapata ushindi wake.

Hatua ya 8: Kilichookolewa kipewe mahali siku hiyo hiyo

Mkiokoa 30,000 na ikabaki kwenye simu, itaondoka kama vocha na soda. Siku ya kufunga daftari, ihamisheni: ada, hisa za kikoba, bima ya afya, bati za nyumba ya kijijini. Sehemu iende kwa aliyefanya kazi, na hapa nasema kwa msisitizo. Aliyetembea sokoni akiona hakuna chake kinachobadilika, mwezi wa tatu atarudi supamaketi, na mimi sitamlaumu.

Kama shida si duka

Pengine mmefika hapa na daftari linaonyesha hakuna pa kubana: mke tayari ananunua kwa bei ya chini kabisa, ila kinachoachwa mezani hakitoshi, au hakiachwi, ilhali kipato kipo. Hapo msizungushe maneno ya supamaketi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mume wajibu wa kumtunza mke kwa chakula, mavazi na makazi kulingana na uwezo wake. Anzeni na wazee au wasimamizi wa ndoa. Ikishindikana, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ipo kwa ajili hiyo. Na kama kuulizia hela kunaleta kipigo, acheni daftari, nendeni dawati la jinsia la polisi.

Kurudia hesabu

Bei hazikai. Fungueni tena ukurasa wa bei za kilo baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, na tena mwanzoni mwa Desemba, kabla ya sikukuu na ada za Januari kugongana. Mwezi mtukufu ukikaribia, nunueni sukari, tambi na tende wiki mbili kabla, kila mtu hajaanza kuzitafuta. Mtoto akizaliwa, mtu akihama kazi, au mkihama kutoka Isamilo kwenda Buhongwa, hesabu ya nauli na mbebaji ifanyeni upya tangu hatua ya 5, na kura za kukataa zianze upya pia.